Mbwa wako kagongwa kichwani? Usiseme "kapona" kabla ya saa 48

Leo naweka kando alizeti na chanjo ya mdondo. Tuongee kuhusu mfanyakazi mmoja ambaye hayupo kwenye daftari lako la mishahara lakini analala nje kila usiku kwa ajili ya kuku wako: mbwa wa banda.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini hapa Mandewa, kijana mmoja mwenye banda la kuku alinipigia simu jioni, kama saa kumi na moja hivi. Mbwa wake alikuwa kagongwa na bodaboda. "Afisa, kaanguka, kalala kama dakika mbili hajitambui, halafu kainuka mwenyewe. Sasa hivi kanywa maji." Nikauliza kama kuna mguu uliovunjika. Akasema hapana. Nikauliza kama anatoka damu nyingi. Hapana. Nikamwambia, "Basi ana bahati huyo. Mwache apumzike, kesho nitapita."

Saa nne usiku akapiga tena. Mbwa anazunguka duara upande mmoja, anajigonga kwenye ukuta, akiitwa hageuki. Alfajiri alikuwa amekufa. Nilipofika, kijana aliniuliza swali moja tu: "Lakini afisa, si ulisema ana bahati?"

Siwezi kukuambia kwamba mbwa yule angepona kama ningesema neno lingine. Ninachojua ni kwamba niliuliza mguu na damu, sikuuliza kichwa. Zile dakika mbili za kutojitambua zilikuwa taarifa kubwa kuliko zote, na nikaziacha zipite. Baada ya hapo nilikaa chini na madaktari wa mifugo, nikauliza, nikasoma. Ninachokuandikia leo ndicho nilichojifunza. Mimi ni afisa ugani mwenye diploma, si daktari wa mifugo. Kwa hiyo sikufundishi kutibu. Nakufundisha kutambua, kutoharibu, na kuwahi.

Kwa nini mbwa "mzima" anakufa usiku

Fuvu ni kama debe la chuma. Ndani yake kuna vitu vitatu: ubongo, damu na maji maji yanayouzunguka ubongo. Debe halitanuki. Kimoja kikiongezeka, vingine lazima vibanwe.

Mbwa akigongwa, majeraha huja kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni pale pale: mfupa kupasuka, ubongo kutikisika na kuchubuka, mishipa midogo kukatika. Hiyo imeshatokea, hakuna wa kuirudisha nyuma. Awamu ya pili huanza dakika chache baadaye na kuendelea kwa saa nyingi, hata siku mbili au zaidi: ubongo unavimba, damu inavujia ndani, hewa ya oksijeni inapungua, shinikizo ndani ya debe linapanda. Hii ya pili ndiyo inayoua mbwa aliyekuwa anatembea jioni. Na hii ya pili ndiyo ambayo daktari anaweza kupambana nayo, kama umempa muda.

Chanzo si bodaboda tu. Kwetu huku nimeona au kusikia teke la punda wa mkokoteni, jiwe la watoto, rungu la jirani aliyeibiwa yai, na mbwa kuruka kutoka kwenye gari la mizigo linalotembea. Vyote vihesabu sawa: kichwa kimepigwa, saa inaanza kuhesabu.

Kabla hujamgusa

Mbwa mwenye maumivu na akili iliyochanganyikiwa anaweza kumng'ata hata aliyemlea. Mwite kwanza kwa jina ukiwa hatua chache. Tazama anavyojibu, kwa sababu jibu lake tayari ni kipimo. Ukilazimika kumsogelea, shika blanketi nzito au gunia, mfunike taratibu kuanzia mabegani. Usimfunge mdomo kwa kamba kama anatapika, anatoka damu puani au anahema kwa shida. Utamziba.

Mambo matatu ya kuangalia

Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Teasdale na Jennett, walitengeneza kipimo cha kupima fahamu za mtu aliyeumia kichwa. Madaktari wa mifugo wakakirekebisha kwa ajili ya mbwa. Kinaangalia mambo matatu: anavyotumia miguu, macho na neva za kichwani, na fahamu zake. Kila moja hupewa alama 1 hadi 6. Mbwa mzima anapata 18, aliye mahututi kabisa anapata 3. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001, wa mbwa 38 walioumia kichwa, ulionyesha kwamba mbwa mwenye alama 8 alikuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuvuka saa 48 za kwanza.

Wewe huna haja ya kutoa alama. Hiyo ni kazi ya daktari. Lakini angalia mambo hayo hayo matatu na uyaandike.

1. Fahamu

Je, ukimwita anageuka? Anakutambua? Au ameduwaa, anatazama ukuta, anaitikia sauti kubwa tu? Ngazi ziko hivi, kutoka nafuu kwenda mbaya: yuko macho na anajibu, amezubaa lakini anajibu, amelala, anashtuka kwa sauti, anashtuka tu ukimfinya katikati ya vidole vya mguu, hajibu chochote. Angalizo: akivuta mguu tu bila kugeuza kichwa wala kulia, usidhani ana fahamu. Mguu unaweza kujivuta kwa mwitiko wa uti wa mgongo peke yake.

Na kumbuka lile kosa langu. Kama alizimia hata dakika moja baada ya kugongwa, huyo ni mgonjwa wa kichwa hata kama sasa anatingisha mkia.

2. Macho

Mpeleke kivulini, chukua tochi ya simu. Tazama mboni, kile kiduara cheusi katikati ya jicho. Mboni za kawaida zinalingana ukubwa, na ukimulika zinasinyaa haraka.

Mboni moja kubwa kuliko nyingine: hatari. Mboni zote mbili ndogo kama ncha ya sindano: hatari kubwa. Mboni zote mbili pana na hazisinyai ukimulika: hali ni mbaya sana. Tazama pia kama macho yanachezacheza yenyewe kwenda na kurudi, au kama jicho moja limepinda kuangalia pembeni.

3. Miguu na mwili

Akiweza kusimama, mwache atembee hatua chache mwenyewe, usimlazimishe. Je, anayumba kama mlevi? Anaburuta miguu ya upande mmoja? Anazunguka duara? Ameinamisha kichwa upande? Anajisukuma kichwa ukutani?

Akiwa amelala huku hana fahamu, miguu yote minne imenyooka na kukakamaa, shingo imepinda kwenda nyuma, hiyo ni dalili ya mwisho mwisho. Usisubiri chochote.

Dalili nyingine za kuandika

Damu au maji maji masikioni na puani. Kutapika. Degedege: kukakamaa, kutafuna tafuna, kupiga miguu kama anaogelea, kujikojolea. Fuvu lililobonyea ukipapasa kwa kidole, na hapo usibonyeze. Fizi nyeupe maana yake anapoteza damu mahali fulani, labda tumboni au kifuani, na ubongo usiopata damu unaumia mara mbili.

Hesabu pumzi kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Mbwa aliyetulia huvuta pumzi kati ya 10 na 30 hivi kwa dakika. Kisha papasa ndani ya paja la nyuma utafute mpigo. Mbwa anayezidi kuzubaa huku moyo wake ukishuka chini ya mapigo 60 kwa dakika, hajatulia. Shinikizo ndani ya fuvu limepanda na mwili unajitetea kwa nguvu zake za mwisho. Wafugaji wengi wanamwona wanasema "sasa kalala vizuri". Hapana ndugu yangu, hapo ndipo unatakiwa kukimbia.

Nini ufanye ukisubiri au ukiwa njiani

Mpigie daktari wa mifugo au ofisi ya mifugo ya kata kabla hujaanza safari, ili ujue kama yupo na kama ana vifaa. Mwambie mambo manne: kagongwa saa ngapi, alizimia au hakuzimia, macho yakoje, anatembeaje.

Mlaze kwenye kitu kigumu: ubao, mlango wa zamani, hata kipande cha bati kilichokunjwa kingo na kutandikwa gunia. Huenda shingo au uti wa mgongo nao umeumia, kwa hiyo usimbebe kwa kumning'iniza. Inua ubao wote upande wa kichwa, kiasi cha nyuzi 15 hadi 30, ili damu ishuke vizuri kutoka kichwani. Usiweke mto chini ya kichwa peke yake, utaipinda shingo na kubana mshipa.

Vua mkanda wa shingoni. Usimfunge kamba ya shingo, usimbane koo. Mshipa wa shingo ukibanwa, damu inashindwa kutoka kichwani na shinikizo linapanda.

Mweke kivulini, pasipo kelele. Jua letu la saa saba mnalijua, na ubongo uliovimba hauvumilii joto. Tafuta bajaji au gari, si bodaboda. Kumshikilia mapajani juu ya pikipiki kwenye barabara ya makorongo ni kumgonga mara ya pili.

Nini usifanye

Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Najua ndiyo kitu cha kwanza kinacholetwa na majirani. Mbwa aliyezubaa hamezi vizuri, maziwa yanaingia kwenye mapafu na unampa ugonjwa wa pili. Maji mpe pale tu anaposimama na kunywa mwenyewe.

Usimpe panado, diklofenaki wala ibuprofeni kutoka kabatini kwako. Dawa hizi za maumivu za watu zinaweza kumharibu mbwa tumbo, figo au ini.

Usimchome deksamethasoni. Hili naliandika kwa sababu ni sindano inayopatikana kirahisi kwenye maduka ya mifugo, na wengi tunaamini inatoa uvimbe popote. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa binadamu walioumia kichwa, watu 10,008, nusu wakipewa dawa ya kundi hilo hilo la steroidi. Ndani ya wiki mbili, waliopewa dawa walikufa asilimia 21.1, wasiopewa walikufa asilimia 17.9. Dawa iliyotegemewa kusaidia iliongeza vifo. Madaktari wa mifugo nao siku hizi hawaishauri kwa mbwa aliyeumia kichwa. Wao wana njia nyingine: oksijeni, dripu iliyopimwa kwa uangalifu, manitoli ya kushusha uvimbe, dawa ya kuzuia degedege. Hizo zote zinahitaji mtu aliyesomea.

Mbwa akionekana mzima

Kama hakuzimia, macho sawa, anatembea vizuri, na daktari amekuruhusu kukaa naye nyumbani, kazi bado. Mfungie chumba kidogo chenye mwanga. Kwa saa sita za kwanza mwangalie kila nusu saa, kisha kila saa mbili hadi asubuhi, kisha mara kadhaa kwa siku mpaka saa 48 ziishe. Ndiyo, usiku umuamshe. Mbwa anayelala usingizi ataamka na kukutambua. Mbwa anayezama hataamka vizuri, na hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta.

Andika kwenye daftari lile lile la kuku: saa, fahamu, macho, miguu, pumzi. Piga na video fupi kwa simu. Ukiona mstari mmoja tu umeshuka ikilinganishwa na ule wa juu yake, ondoka naye. Usisubiri viwili.

Lakini je, ni kichwa kweli?

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu sasa ni maisha yako wewe.

Si kila mbwa anayeyumba kagongwa. Aliyekula dawa ya wadudu ya mazao hutoka mate mengi, hutetemeka, huharisha. Mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa wa distempa hutoka makamasi na kukohoa kabla ya kuanza kutikisika misuli. Na juu ya yote kuna kichaa cha mbwa.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia: mpole anakuwa mkali au mkali anakuwa mpole ajabu, sauti inabadilika, taya linalegea, mate yanatiririka, miguu ya nyuma inakosa nguvu, anauma hata mti. Tena mbwa wa namna hiyo huzurura barabarani, kwa hiyo anaweza kugongwa na pikipiki kweli. Unaletewa mbwa aliyegongwa, kumbe ajali ni matokeo, si chanzo. Kwa hiyo uliza: nani aliona akigongwa? Alikuwaje jana na juzi, kabla ya ajali? Amechanjwa lini?

Kama hakuna aliyeshuhudia ajali, au tabia ilianza kubadilika kabla, au hajachanjwa, usimshike mdomo wala mate. Mfungie mahali ambapo hafikii mtu wala mnyama, toa taarifa ofisi ya mifugo. Mbwa mwenye dalili za kichaa kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi.

Ukiumwa, au mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Kwa binadamu, dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Na kama mbwa anayeshukiwa atakufa au kulazimika kuuawa, asipigwe kichwani. Maabara hupima ubongo ili kuthibitisha kichaa. Ukiponda kichwa, umeponda ushahidi, na yule mtoto aliyeumwa anabaki bila jibu.

Baada ya kuvuka

Mbwa wengi, hasa vijana, hurudi vizuri kuliko tunavyotegemea. Wengine hubaki wameinamisha kichwa kidogo na kazi wanafanya. Lakini degedege inaweza kujitokeza wiki au miezi baadaye, kwa hiyo usifute kumbukumbu zako. Usimrudishe lindo la usiku mpaka anatembea sawa, anaona sawa na anakutii kama zamani.

Daktari akikuambia hakuna matumaini, mwache amalize kwa sindano. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mnyama aliyekulindia mali hastahili rungu.

Ya kufanya wiki hii

Kwanza, hifadhi namba mbili kwenye simu: daktari wa mifugo aliye karibu na mwenye bajaji anayepokea simu usiku. Pili, weka geti linalofunga, mbwa asiwe anafuata pikipiki barabarani. Tatu, chanja mbwa kichaa kuanzia umri wa miezi mitatu na urudie kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, chanjo nyingi hufanyika karibu na siku hiyo, lakini kama tarehe yako imepita usingoje Septemba. Nne, mfundishe kijana wa banda kuangalia mboni kwa tochi ya simu leo, mbwa akiwa mzima, ili ajue kawaida ikoje. Asiyeijua kawaida hawezi kuona mabadiliko.

Siku hizi nikipigiwa simu kwamba mbwa kagongwa, swali langu la kwanza ni hili: "Alizimia?" Wewe nawe lifanye liwe la kwanza.

Kazi njema, tuonane shambani.